Usalama wa Kompyuta: Shule Zafundisha Nini?

Mwezi Desemba mwaka 1989 watu wapatao 20,000 katika nchi mbalimbali walipokea kwa posta bahasha yenye diski ya kompyuta. Baadhi yao walikuwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza. Wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI. Diski hiyo ilidai kuwa na habari za ugonjwa huo, na kwa hakika ilikuwa nazo. Aliyeitia katika mashine aliulizwa maswali juu ya mwenendo wake, kisha akaelezwa kiasi cha hatari iliyomkabili. Wakati ule ugonjwa ulikuwa ungali mpya na hofu yake ilikuwa kubwa. Ni nani angekataa elimu iliyomfikia mlangoni bila malipo?

Lakini programu hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Ilijificha ndani ya kompyuta na kuhesabu kila mara mashine ilipowashwa. Hesabu ilipofika 90 au karibu yake, iliyavuruga majina ya mafaili yote, ikayaficha, na kumtaka mwenye kompyuta apeleke dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama. Mtu aliyeshtakiwa nchini Uingereza kwa kitendo hicho, Dakta Joseph Popp, alikuwa msomi wa biolojia kutoka Marekani. Kesi yake haikufika mwisho kwa kuwa alionekana hana afya ya akili ya kuweza kujitetea mahakamani.

Ndani ya bahasha ileile mlikuwa na karatasi ya masharti, imechapwa kwa herufi ndogo. Karatasi hiyo ilitamka waziwazi kwamba asiyelipa ada atadhuriwa na programu aliyopewa. Onyo lilikuwamo, ila halikusomwa. Katika mkasa huu wote hapakuvunjwa kufuli lolote. Diski iliingizwa na mwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

Wengi walioathirika waliokolewa na wataalamu, kwa sababu mtungaji wa programu ile alitumia ufunguo mmoja kwa kufumba na kufumbua, na ufunguo huo aliuacha ndani ya diski yenyewe. Wezi wa leo hawafanyi kosa hilo. Mwaka 1996 wanasayansi wawili, Adam Young na Moti Yung, walieleza jinsi mtu mwovu awezavyo kutumia ufumbaji wa funguo mbili. Mwanafunzi anaweza kuuelewa kwa kufikiri juu ya kufuli la kubana. Mtoto yeyote akilishika huweza kulifunga, lakini kulifungua kwahitaji ufunguo, nao ameuweka mwenye kufuli. Mwizi hupeleka makufuli yake yaliyo wazi katika kompyuta za watu, yakajifunga juu ya mafaili yao, na ufunguo ukabaki kwake. Hesabu zitumikazo ni zilezile zilindazo fedha katika mabenki, nazo hazimjui mwema wala mbaya. Mafaili yakishafungwa namna hiyo kwa uangalifu, hapana profesa wala mashine iwezayo kuyafungua. Mwenye nakala nyingine mahali pengine atapona, na asiyekuwa nayo atalia.

Habari za namna hii hazisikiki sana madarasani. Aghalabu somo la usalama wa kompyuta hugeuzwa kuwa orodha ya majina. Mwanafunzi hukariri kwamba virusi hujibandika kwenye programu nyingine, kwamba mnyoo husafiri wenyewe kutoka mashine hadi mashine, kwamba farasi wa Troya ni programu ijifanyayo rafiki. Akiulizwa katika mtihani ataje aina tatu, hutaja tatu na kupata alama tatu. Jioni yake hupokea ujumbe wa simu, na fedha za nyumbani hupotea. Tofauti ya mnyoo na virusi ina maana kwa atengenezaye dawa zake. Kwa mtumiaji ni elimu ya pembeni. Linalompasa kulijua kwanza ni njia ambazo madhara hupitia hata kumfikia, nazo si nyingi.

Njia iliyo pana kuliko zote ni udanganyifu. Katika Tanzania hapana mtu mwenye simu asiyeujua ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Wenye elimu huucheka. Yafaa wasiucheke, maana umetungwa kwa ustadi. Hautaji jina la mtu, wala kiasi cha fedha, wala sababu. Neno "ile" latosha: lamfanya msomaji aijaze mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi. Chukua mfano wa mtu apelekaye ujumbe huo kwa watu 5,000. Ikiwa katika kila watu 500 yuko mmoja ambaye siku hiyohiyo amekusudia kupeleka kodi ya nyumba au karo ya mtoto, basi ujumbe umewafikia watu 10 kwa wakati wake hasa. Kati ya hao akipatikana mmoja tu asiyepiga simu kuuliza, kazi ya siku imelipa. Mwizi hana haja ya kuwadanganya watu 5,000. Hili ni somo zuri la hesabu za uwezekano kwa kidato cha tatu, na mwalimu hatahitaji kompyuta kulifundisha.

Hila nyingine za simu ni ndugu wa hiyo. Mtu hupokea ujumbe uliotengenezwa ufanane na ule wa kampuni ya simu, ukisema amepokea fedha. Mara simu inalia, na sauti ya unyenyekevu yamwomba azirudishe kwa kuwa zimetumwa kimakosa. Dawa yake ni kuangalia salio lenyewe kwa njia ya kawaida, bila kuuamini ujumbe. Mwingine hupigiwa na "mhudumu" amwambiaye kuwa akaunti yake itafungwa asipotaja namba yake ya siri. Hapana mhudumu wa kweli ahitajiye namba hiyo. Iliyo mbaya zaidi ni ile ya mwizi ajifanyaye mwenye laini, akadai imepotea, na kupewa laini mpya yenye namba ileile. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla huku za jirani zikifanya kazi. Hapo mwenyewe asingoje kesho. Atafute simu nyingine na kuiarifu kampuni pamoja na benki saa ileile. Sheria za makosa ya mitandao zipo, Tanzania tangu mwaka 2015 na Kenya tangu mwaka 2018, lakini polisi hupata habari baada ya fedha kwisha kutolewa.

Wako waonao kwamba haya ni ya simu na hayahusu kompyuta. Simu ya leo ni kompyuta, nayo kwa wananchi wengi ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Kwa sababu hiyo pia ni vigumu kukubaliana na wale wasemao kwamba maskini hana cha kuibiwa. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na kuvuka mpaka kuja Tanzania mwaka 2008, akiba ya mama muuza mbogamboga imo katika simu, na inalindwa na tarakimu nne tu.

Tarakimu nne hutoa namba 10,000, tangu 0000 hadi 9999. Kwa macho ya haraka ni nyingi, hasa kwa kuwa simu hujifunga baada ya kukosea mara chache. Lakini mtu achaguaye mwaka wa kuzaliwa amezipunguza mno: miaka yote ya tangu 1950 hadi 2010 ni 61. Achaguaye siku na mwezi amebakiza 366. Na mtu amjuaye hahitaji hata hizo, kwa kuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzake huijua kwa kula keki yake. Mwalimu na awaambie wanafunzi waandike kwa siri kama namba zao zimetokana na tarehe, bila kuitaja namba yenyewe, kisha azihesabu karatasi mbele yao.

Maneno ya siri ya kompyuta yana hesabu ya namna hiyohiyo. Neno la herufi ndogo nane lililotungwa bila mpango lina nafasi 26 kwa kila herufi, yaani jumla ya zaidi ya bilioni 208. Idadi hiyo yatisha kwenye karatasi. Lakini mwizi aliyeiba orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa vibaya, akawa na mashine ijaribuyo bilioni 10 kwa sekunde, huyamaliza yote kwa sekunde 21 hivi. Sasa achukue mtu orodha ya maneno 7,776 ya kawaida, kila neno na namba yake. Dadu ikirushwa mara tano hutoa namba ya neno moja, kwa kuwa 6 ikizidishwa kwa yenyewe hadi zitimie tano ni 7,776. Akipata maneno matano kwa dadu, mashine ileile itahitaji miaka 90 hivi kuyamaliza yote yawezekanayo. Maneno matano kama "kikapu, radi, shangazi, ndizi, ubao" hukaa kichwani kwa urahisi, hasa akiyatungia kisa. Lakini yachaguliwe na dadu. Kichwa cha binadamu kikiachiwa kuchagua huleta jina la mtoto au la timu ya mpira, na mwizi hilo alijua.

Katika jambo hili ofisi na shule zimewahi kupotoshwa na wataalamu wenyewe. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr, ukishauri maneno ya siri yachanganywe herufi, tarakimu na alama, na kubadilishwa mara kwa mara. Dunia nzima ikafuata. Matokeo yake watu walibadili "Safari1!" kuwa "Safari2!", kisha wakaliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo iliuacha ushauri huo, na Burr mwenyewe akakiri hadharani kuyajutia mengi aliyoyaandika. Hata hivyo ziko ofisi ambazo hadi leo humlazimisha mfanyakazi kubadili neno lake kila miezi mitatu, na kudhani zimejilinda. Afadhali neno moja refu lisilobadilishwa ila panapokuwa na shaka, na lisilotumiwa mahali pawili. Hili la pili ndilo huleta hasara nyingi zaidi: tovuti ndogo ikiibiwa orodha yake, wezi huyapeleka maneno yaleyale kwenye barua-pepe na benki kuona kama yatafungua. Palipo na uthibitisho wa hatua mbili yafaa uwashwe, kwanza kwenye barua-pepe, kwa maana aliyeikamata barua-pepe ya mtu huweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti nyingine zote.

Basi je, mtumiaji ndiye mwenye lawama siku zote? La. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilienea katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai dola 300. Huo ulikuwa mnyoo halisi: haukumngoja mtu abonyeze kitu. Ulipita katika ufa wa programu ya Windows ambao Shirika la Usalama la Taifa la Marekani lilikuwa limeujua na kuutumia kwa upelelezi, hata chombo chake kikaibwa na kutangazwa mwezi Aprili mwaka huohuo. Katika Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kupita 19,000, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Uenezi wake ulizuiwa siku hiyohiyo na mtafiti kijana, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba programu ile hutafuta tovuti isiyokuwapo, akaisajili tovuti hiyo, na mnyoo ukasita.

Lakini kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa masahihisho ya ufa huo tarehe 14 Machi, siku 59 kabla. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili, bila malipo. Muuguzi aliyekuta kompyuta yake imefungwa hakukosa lolote. Kosa lilikuwa la wale ambao kazi yao ni kuweka masahihisho, nao wakaahirisha.

Hapa ndipo shule nyingi zinapojikuta upande wa waahirishao. Maabara ya kompyuta yenye mashine 20 za msaada, programu zake zimenakiliwa kwa mkato bila leseni, na aliyezinakili alizima masahihisho ili kampuni isizigundue. Sababu itolewayo ni fedha, na ni sababu ya kweli. Hata hivyo ziko programu za bure zilizo halali, kama Linux kwa kuendesha mashine na LibreOffice kwa kuandikia, zipokeazo masahihisho bila kujificha, na ambazo mashine kuukuu huzimudu vizuri zaidi. Jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zenye programu hiyo zitaendelea kuwaka kama kawaida, na hilo ndilo lenye kudanganya.

Kisha liko suala la flashi. Mwalimu huandaa mtihani nyumbani, huuchapisha kwenye duka la mjini, humalizia kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu. Na kila mahali flashi ni ileile. Kwa miaka mingi Windows iliendesha yenyewe programu iliyoikuta kwenye flashi, na mnyoo wa Conficker, ulioanza mwaka 2008, ulipata njia hapo. Tabia hiyo ya kujiendesha iliondolewa, na mashine nyingi za zamani zikapelekewa masahihisho mwaka 2011. Wezi wakabadili mbinu: huyaficha mafaili ya kweli na kuweka alama zifananazo nayo, ili mwenye flashi abonyeze mwenyewe. Tumerudi kwenye bahasha ya mwaka 1989. Programu ya kukinga virusi husaidia, na ile ijayo pamoja na Windows yatosha kwa shule ikipokea masahihisho. Lakini huyatambua zaidi yale yaliyokwisha kujulikana, na aliyeinunua kisha akalala usingizi amelipia usingizi tu.

Mwanafunzi hujifunza kwa kutazama. Akiona neno la siri la maabara limeandikwa ubaoni, moja kwa darasa zima, amefundishwa kwamba neno la siri ni desturi isiyo na maana. Mwalimu akimpa karani neno lake ili amwingizie alama, mafunzo ni hayohayo, na siku alama zikibadilishwa hapana atakayejua nani alizibadilisha. Hiyo ni hasara ambayo haihitaji mwizi wa ng'ambo.

Wakuu wa shule huuliza waanze na lipi, kwa kuwa fungu ni dogo. Na waanze na nakala za akiba, kwa sababu hizo huponya hata makosa ambayo hapana aliyeyatazamia, ukiwamo moto na mvua ya masika. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo viwili vya namna mbalimbali, na moja ikae mbali na shule. Diski moja ya nje yaweza kubeba alama na kumbukumbu za shule nzima za miaka mingi. Ikishajazwa ichomolewe, kwa kuwa programu ya mwizi hufunga kila diski iliyounganishwa, na nakala iliyoachwa kwenye mashine huangamia pamoja nayo. Kisha kila mwalimu apewe akaunti yake, na karani yake.

Baada ya hapo, Ijumaa moja ya mwisho wa muhula, mwalimu wa kompyuta achukue mashine isiyokuwa na kitu, diski ya akiba, na wanafunzi wanne wa kidato cha pili, awaambie wairudishe orodha ya alama za mwaka jana huku darasa likitazama saa. Shule nyingi zitagundua siku hiyo kwamba diski haifunguki, au kwamba nakala ya mwisho ni ya miaka miwili iliyopita. Orodha yenyewe, kwa kuwa hapana aliyeigusa, itakuwa ingalimo salama kwenye kompyuta ya ofisi, na Jumatatu nakala mpya itaweza kuchukuliwa.